Vyuo Vikuu vya Umma Vipimwe kwa Mitaa Inayovizunguka

Kila mwaka orodha za kimataifa za ubora wa vyuo vikuu zinapotoka, wakuu wa vyuo vyetu vya umma hufanya mojawapo ya mambo mawili. Waliopanda nafasi huitisha waandishi wa habari. Walioshuka hueleza kwamba vigezo viliwekwa na wageni wasioyajua mazingira yetu. Mimi nimefundisha katika vyuo vya umma kwa miaka mingi, na sina ugomvi na orodha hizo. Hesabu ya makala zilizochapishwa na shahada za uzamivu zilizotolewa ina mahali pake. Ugomvi wangu ni juu ya kipimo ambacho hakuna orodha inayokitumia, na ambacho sisi wenyewe tumekikwepa: hali ya mtaa ulioko nje ya lango la chuo.

Hoja yangu ni hii. Kwa zaidi ya miaka thelathini, dola na vyuo vyake vimeisukumia mitaa ya jirani gharama ya maisha ya mwanafunzi, bila kuipa mitaa hiyo fedha, sheria wala sauti. Wanaolipa ni wawili: mwanafunzi asiye na kitu na jirani asiye na kitu. Chuo kinachoishi kwa kodi ya wananchi kisha kikawageuzia kisogo wananchi walio karibu nacho kuliko wote hakistahili kujisifu, hata kikiongoza Afrika nzima kwa machapisho. Ili nisibaki kwenye maneno matupu, nitavilinganisha vyuo vya Dar es Salaam, Dodoma na Morogoro, kila kimoja na ujirani wake.

Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaliwa mtaani. Mwaka 1961 kilianza na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, jirani na Kariakoo, kikiwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, nje ya mji wa wakati ule. Ardhi ilikuwa tele, na mfano uliofuatwa ulikuwa ule wa Kiingereza, ambamo mwanafunzi hulala, hula na husoma ndani ya eneo moja. Haikuchukua muda matunda ya utengano huo yakaonekana. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Lawama iliyowaangukia wanafunzi wale ilikuwa kwamba wamejitenga na wakulima waliowasomesha.

Utengano ule baadaye ulivunjwa na jambo ambalo hakuna aliyelipanga kama tiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuja sera ya kuchangia gharama, kisha idadi ya wanafunzi ikapanda mwaka hadi mwaka huku vitanda vikiongezwa kwa kusuasua. Mabweni ya Mabibo yalijengwa kilomita kadhaa kutoka madarasani. Mwaka 2017 yalizinduliwa mabweni mengine yenye nafasi 3,840, tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini chuo kina wanafunzi makumi ya maelfu. Waliobaki walikwenda Msewe, Changanyikeni, Makongo, Ubungo, Sinza na Mwenge, kwenye vyumba ambavyo wenyewe huviita mageto.

Kwa hiyo mwanafunzi wa leo anaishi na wananchi, kama Mwalimu alivyotaka. Anaishi nao vipi? Kama mpangaji wa msimu, aliyepangishiwa na dalali, katika nyumba zilizoota bila ramani. Na hapa pana kichekesho kichungu. Ubavuni mwa Mlimani kipo Chuo Kikuu Ardhi, ambacho hadi mwaka 2007 kilikuwa sehemu ya chuo kile kikubwa, na ambacho hufundisha upangaji wa miji na upimaji wa ardhi. Wataalamu wa kuchora mitaa wako mwendo wa miguu tu kutoka kwenye mitaa ambayo kwa miaka mingi haikuwa na barabara ya maana wala mfereji wa maji ya mvua. Wahadhiri wenzangu wengi wamejenga humohumo. Asubuhi tunasukuma magari kwenye matope, mchana tunafundisha nadharia ya mji ulio bora.

Nani alisema chuo hakina uwezo na ardhi yake? Mwaka 2006 yalifunguliwa maduka ya Mlimani City, juu ya ardhi ya chuo, kwa mkataba wa miaka 50 na mwekezaji kutoka Botswana. Sisemi maduka ni dhambi. Nasema kwamba tulipoamua kuwa wenye ardhi wa kibiashara, tulijua kuandika mikataba, kuita wanasheria na kupanga kwa nusu karne mbele. Bidii hiyo hatujaionesha kwa kitanda cha binti wa mwaka wa kwanza anayetoka Namtumbo na kushuka Ubungo na begi lake, asiyemjua mtu.

Chimwaga

Dodoma ni kisa cha namna nyingine. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 kuuzunguka ukumbi wa Chimwaga, kwenye ardhi ya takriban hekta 6,000, kwa lengo la kufikisha wanafunzi 40,000. Hapa waliopanga walijifunza kutokana na Mlimani: walijenga mabweni mengi tangu mwanzo. Nawapongeza kwa hilo. Lakini walijenga koleji moja mbali na nyingine, juu ya vilima, kana kwamba kila mwanafunzi ana gari, na wakaviacha vijiji vya Wagogo vilivyokuwapo kabla ya chuo vikae pembezoni, vikitazama taa za umeme za mlimani. Ng'ong'ona sasa ni mahali pa vyumba vya kupanga na bodaboda. Kimekua kwa kufuata mkondo wa fedha za mikopo ya wanafunzi, ambazo wao huziita bumu. Bumu likichelewa, kijiji kizima kinajua.

Mwishoni mwa Mei 2016 tuliona wazi gharama ya kujenga chuo bila kujenga ujirani. Wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliamriwa kuondoka chuoni katika muda mfupi mno. Siuingii mjadala wa sifa zao. Ulifanyika na ulikwisha. Nauliza swali dogo: usiku ule walikuwa mzigo wa nani? Chuo kilikuwa kimeshawatoa. Wizara ilikuwa imeshatoa tamko. Vijana walionekana mjini na mizigo yao wakihangaikia nauli, na aliyebaki kuwapokea alikuwa mkazi wa Dodoma, ambaye hakuna aliyemuuliza kabla wala baada.

Kisha Serikali ikahamia huko. Wizara kadhaa zikapewa hifadhi katika majengo ya chuo kabla ya Mji wa Serikali wa Mtumba kuwa tayari. Ninyi watumishi wa umma mnaosoma hapa mnajua kodi za nyumba zilivyopanda mlipowasili. Basi mjue pia kwamba aliyekuwa akishindana nanyi kupata chumba ni mwanafunzi mwenye posho ya siku moja moja, na kwamba nyumba zile mlizozikuta zimejaa zilikuwa za wenyeji walioanza kusogezwa mbali zaidi na mji.

Morogoro

Nakuja Morogoro kwa sababu huko kuna la kujifunza. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, aliyefariki Aprili ya mwaka huohuo. Wataalamu wake waliipanda milima ya Uluguru tangu miaka hiyohiyo ya 1980, wakapeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, na wakulima wa kule hadi leo wanawafuga. Hapo chuoni ndipo panya buku wanapofunzwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Hiyo ndiyo huduma kwa jamii ambayo vyuo vyote vimeiandika katika dira zao na vichache vimeitenda. Ikiwa Sokoine waliweza kupanda hadi Mgeta, kwa nini Mlimani ishindwe kushuka hadi Msewe?

Na kuna Mazimbu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipewa shamba la mkonge lililoachwa, wakajenga shule waliyoiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Walikuwa wakimbizi, lakini walijenga madarasa pamoja na nyumba, shule ya chekechea, shamba na hospitali. Wengine walioa na kuolewa Morogoro. Mwaka 1992 waliikabidhi yote kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Sokoine. Watu waliokuwa wakiishi kwa kusubiri siku ya kurudi kwao walijenga kama watu wanaobaki. Sisi tuliobaki tunajenga kama wapita njia.

Mkoa huohuo una mfano wa upande wa pili. Chuo Kikuu Mzumbe kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa na kwa miongo kimewalea maofisa utumishi na wakurugenzi wa halmashauri. Wanafunzi wake wengi hupanga Changarawe, kijiji kilicho jirani. Likizo ikifika, mama lishe na mwenye steshenari wanabaki kutazama barabara. Kijiji kinachoishi kwa ratiba ya mitihani kilipaswa kuwa somo la kwanza kwa kila anayesomea utawala wa serikali za mitaa. Ni wangapi kati ya wahitimu waliokaa hapo miaka mitatu wakatoka wanajua jina la mtendaji wa kijiji hicho?

Si Tanzania peke yake. Nchini Uganda, Makerere ilifungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, na Kikoni na Wandegeya vikajaa hosteli za watu binafsi. Mahmood Mamdani ameeleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2007 jinsi soko lilivyoingia hadi ndani ya darasa. Nchini Kenya, Juja imekuwa msitu wa maghorofa ya vyumba vya kupanga kando ya barabara ya Thika. Anayesema soko litatujengea na atazame huko. Soko limejenga kweli. Limemjengea anayeweza kulipa, na hakuna mwenye hosteli aliyeona faida katika kujenga mfereji, zahanati au maktaba ya mtaa.

Tulivyofika hapa

Utaniambia, ndugu msomaji, kwamba haya ni matokeo ya umaskini. Nakataa. Ni matokeo ya maamuzi, na mwaka 2005 unatosha kuwa ushahidi. Mwaka huo ilitungwa Sheria ya Vyuo Vikuu iliyofungua njia ya upanuzi. Mwaka huohuo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi, na mwanafunzi akageuka kutoka mgeni wa serikali kuwa mdaiwa wake. Na mwaka huohuo Bunge lilifuta Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba. Yaani katika mwaka mmoja tulikaribisha umati, tukaupa deni, kisha tukamwondolea mpangaji kinga aliyokuwa nayo. Sidhani kama kuna aliyekaa akayaunganisha mambo haya matatu. Kosa lenyewe ndilo hilo.

Tufanye hesabu. Posho ya chakula na malazi ya mnufaika wa mkopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na hutolewa kwa mafungu. Tuseme chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba, kama ilivyo desturi, anataka miezi sita mbele: hiyo ni 360,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja: jumla 420,000. Kabla hajanunua godoro wala ndoo, kijana ameshamaliza posho ya siku 42. Bado hajala. Na hapo nazungumzia mwenye mkopo kamili. Wapo waliopata nusu na waliokosa kabisa. Ndipo tunaposikia ya wanne katika chumba kimoja, ya wasichana wanaotembea usiku kutoka maktaba hadi geto la mbali kwa sababu la karibu ni ghali, na ya wanaume wenye fedha wanaojua vizuri sana bumu huisha tarehe gani. Vyuo vinaandika miongozo ya kupambana na ukatili wa kijinsia ambayo mipaka yake ni uzio wa chuo. Ukatili hauishii kwenye uzio.

Ongeza suala la kura. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2010, vyuo vikuu vilifunguliwa baada ya siku ya kupiga kura, na wanafunzi waliokuwa wamejiandikisha vyuoni wakajikuta makwao, mbali na vituo vyao. Maelfu ya watu wazima wanaolipa kodi ya nyumba, wanaonunua unga, wanaougua na kuibiwa katika mtaa fulani, hawakuhesabiwa kuwa wakazi wa mtaa ule. Mwenyekiti wa mtaa ana sababu gani ya kuwasikiliza watu ambao kalenda inaweza kuwafuta?

Majibu ninayoyajua

Najua nitakavyojibiwa, kwa kuwa nimejibiwa hivyo vikaoni. La kwanza: chuo si halmashauri, kazi yake ni kufundisha na kutafiti. Sawa. Lakini chuo kilipoamua kupokea wanafunzi mara nyingi zaidi ya vitanda vyake, kilifanya uamuzi kuhusu maji, taka na usalama wa mitaa ya jirani. Aliyemwaga maji uwanjani kwa jirani hawezi kusema yeye si fundi mifereji.

La pili: wanafunzi ni wapita njia. Kila mwanafunzi mmoja hupita, ndiyo. Lakini kitanda chake hakipoi kabla hajaja mwingine. Msewe imekuwa na wanafunzi kwa miongo. Kundi hilo ni la kudumu kuliko wenye nyumba wengi.

La tatu: jirani wananufaika, wanapata kodi na biashara. Baadhi yao, ndiyo. Mwenye nyumba ananufaika. Mpangaji mwenzake, mama muuza maandazi ambaye chumba chake kimepanda bei kwa sababu kimegawanywa kuwa viwili kwa ajili ya wanafunzi, hanufaiki. Na hata mwenye nyumba huyo, mwanawe wa kidato cha nne angefaidika zaidi kama angeruhusiwa kuingia maktaba ya chuo siku ya Jumamosi.

Ninachodai

Sidai miujiza. Nadai mambo matano, na kila moja lina ofisi inayoweza kulitekeleza.

Kwanza, kila chuo kikuu cha umma kitangaze kila mwaka idadi ya wanafunzi wake, idadi ya vitanda vyake, na mitaa wanakoishi waliokosa vitanda. Chuo kisichojua wanafunzi wake wanalala wapi hakina haki ya kuomba kibali cha kuongeza udahili.

Pili, wenyeviti wa mitaa na vijiji vinavyopakana na chuo wapewe kikao cha kisheria na uongozi wa chuo, chenye muhtasari unaofika kwenye Baraza la Chuo. Tunawaita kwenye mahafali wakae hemani. Tuwaite wakati wa kupanga.

Tatu, Bunge lirudishe kinga ya mpangaji, na lianze na jambo moja tu: ukomo wa kodi inayoweza kudaiwa mbele. Wakati sheria inasubiriwa, chuo kiandike mkataba wa mfano na kiwe na daftari la wenye nyumba waliokubali kuutumia. Bodi ya Mikopo nayo ipange mafungu yake yaendane na miezi ya kodi.

Nne, mafunzo kwa vitendo yaanzie langoni. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilianza kutoa msaada wa kisheria kwa wananchi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo mfano tunao wa kwetu. Mwanafunzi wa upangaji wa miji achore Makongo, wa uhandisi apime mfereji wa Msewe, wa utawala akae mwezi mmoja katika ofisi ya kijiji cha Changarawe. Alama zitolewe kwa kazi hiyo, na jirani aulizwe kabla alama hazijatolewa.

Tano, kalenda ya vyuo isiguswe kwa ajili ya uchaguzi. Mwanafunzi ajiandikishe anakoishi na apige kura anakoishi, katika uchaguzi mkuu na katika ule wa serikali za mitaa.

Ndugu zangu wanafunzi, msingoje tuwaletee haya. Serikali zenu za wanafunzi hugombea bumu, na zina haki. Lakini ni lini mara ya mwisho zilihudhuria mkutano mkuu wa mtaa? Mkutano huo ni wa kila mkazi mtu mzima, nanyi ni wakazi. Mkienda mia mbili mkauliza habari ya taa za barabarani, mwenyekiti atawasikia. Mkienda pamoja na mama muuza maandazi mkauliza habari ya kodi za vyumba, hata mbunge atawasikia.

Na sisi wahadhiri, tuache kuwaonesha wageni mandhari ya bahari kutoka mlimani. Tuwateremshe Msewe wakati wa masika, wavuke kwa miguu yao, kisha tuwaulize chuo chetu ni cha ngapi kwa ubora.